The Jesus Lizard

The Jesus Lizard ni bendi ya muziki wa roki kutoka Marekani. Ilianzishwa mwaka 1987 mjini Austin, Texas, na ilijulikana zaidi baada ya kuhamia Chicago, Illinois, mwaka 1989. Ni mojawapo ya bendi muhimu za roki ya kelele, yaani tawi la roki linalotumia kwa makusudi sauti kali zenye mikwaruzo mahali ambapo muziki mwingine hutafuta melodia tamu.

Wanachama wa kikosi kinachojulikana zaidi ni David Yow (mwimbaji), Duane Denison (gitaa), David Wm. Sims (gitaa la besi) na Mac McNeilly (dramu).

Bendi hii haikuwahi kuwa na mauzo makubwa, na nyimbo zake hazikupigwa sana redioni. Hata hivyo ina mashabiki ambao wameshikamana nayo kwa zaidi ya miaka 30, pamoja na kwamba ilivunjika mwaka 1999 na haikutoa albamu mpya ya studio kati ya 1998 na 2024. Kwa sababu hiyo hutajwa mara nyingi kama mfano wa jinsi muziki mgumu kusikilizwa unavyoweza kupendwa kwa muda mrefu kuliko muziki uliotungwa ili upendwe na wengi.

## Asili ya jina

Jina la bendi ni jina la kawaida la Kiingereza la mijusi wa jenasi *Basiliscus*, wanaoishi Amerika ya Kati na kaskazini mwa Amerika Kusini. Mjusi huyu akikimbia adui anaweza kukimbia juu ya maji kwa miguu yake ya nyuma kwa umbali mfupi bila kuzama. Watu walikumbuka habari ya Injili ya Yesu kutembea juu ya maji, wakamwita "mjusi wa Yesu". Bendi haihusiani na muziki wa kidini.

## Mazingira ilimotokea

Katika miaka ya 1980 kulikuwa na bendi nyingi za Marekani zilizotoka katika muziki wa panki lakini hazikutaka kubaki ndani ya kanuni zake. Miongoni mwao zilikuwa Sonic Youth na Swans za New York, Butthole Surfers ya Texas na Big Black ya Chicago. Bendi hizi ziliishi nje ya biashara kubwa ya muziki, katika kile kinachoitwa andagraundi. Zilirekodi kwa gharama ndogo, zilisafiri kwa magari madogo na kupiga katika kumbi ndogo. Habari zake zilienea kwa redio za vyuo, kwa majarida madogo yaliyotolewa na mashabiki wenyewe, na kwa mdomo.

Yow na Sims walikuwa wamewahi kupiga pamoja katika Scratch Acid, bendi ya Austin iliyodumu kuanzia 1982 hadi 1987. Baada ya hapo Sims alijiunga na Rapeman, bendi ya Steve Albini aliyekuwa kiongozi wa Big Black. Denison alitoka katika bendi nyingine ya Austin iliyoitwa Cargo Cult.

## Historia

### Miaka ya Touch and Go

Rekodi ya kwanza, EP ya *Pure* (1989), ilifanywa kwa mashine ya ngoma kwa kuwa bendi haikuwa na mpiga dramu. McNeilly alijiunga mwaka huohuo, na kikosi kikakamilika.

Albamu nne zilifuata: *Head* (1990), *Goat* (1991), *Liar* (1992) na *Down* (1994). Zote zilirekodiwa na Steve Albini na kutolewa na Touch and Go Records ya Chicago. *Goat* na *Liar* ndizo zinazosifiwa zaidi na wahakiki na mashabiki.

Mwaka 1993 Touch and Go ilitoa singo iliyogawanywa kati ya The Jesus Lizard na Nirvana, bendi iliyokuwa katika kilele cha umaarufu wake. Upande mmoja ulikuwa na wimbo "Puss" wa The Jesus Lizard na upande wa pili "Oh, the Guilt" wa Nirvana. Singo hiyo ilifika nafasi ya 12 katika chati ya Uingereza, na wasikilizaji wengi walikutana na bendi hii kwa njia hiyo.

### Capitol na kuvunjika

Mafanikio ya Nirvana yalifanya kampuni kubwa zitafute bendi za andagraundi. Mwaka 1995 The Jesus Lizard ilishiriki katika tamasha la kusafiri la Lollapalooza, na mwaka huo pia ilijiunga na Capitol Records. Uamuzi huu uliwagusa mashabiki. Kwa wengi wao, kubaki katika lebo ndogo lilikuwa jambo la maadili, na kuhamia kampuni kubwa kulionekana kama kuuza utu. Wengine waliona kwamba wanamuziki waliokuwa wakisafiri kwa miaka mingi kwa kipato kidogo walistahili malipo bora.

*Shot* (1996) ilitayarishwa na Garth Richardson, na ilikuwa albamu ya kwanza ya studio ya bendi bila Albini. Mwaka huohuo McNeilly aliondoka kwa sababu za kifamilia na nafasi yake ikachukuliwa na Jim Kimball. Albamu iliyofuata, *Blue* (1998), iliyotayarishwa kwa msaada wa Andy Gill wa bendi ya Uingereza Gang of Four, haikuuza vizuri. Bendi iliachana na Capitol na kuvunjika mwaka 1999.

### Baada ya kuvunjika

Wanachama walifuata njia tofauti. Denison aliunda Tomahawk pamoja na mwimbaji Mike Patton. Sims alifanya kazi ya uhasibu mjini New York. Yow alijishughulisha na uchoraji na uigizaji. Mwaka 2017 alionekana katika filamu *I Don't Feel at Home in This World Anymore*.

Mwaka 2009 kikosi cha wanne kilirudi kwa ziara ya Ulaya na Marekani, na Touch and Go ikatoa upya rekodi za zamani zikiwa zimesafishwa sauti. Maonyesho mengine yalifuata kuanzia 2017. Tarehe 13 Septemba 2024 bendi ilitoa *Rack* kupitia lebo ya Ipecac Recordings. Ilikuwa albamu yake ya kwanza ya studio baada ya miaka 26. Albini hakuishi kuisikia ikitoka, kwani alifariki tarehe 7 Mei 2024.

## Muziki

Anayesikiliza The Jesus Lizard kwa mara ya kwanza husikia fujo. Sauti ya Yow hunguruma, hulia, hunong'ona na kupiga kelele, na mara nyingi maneno hayasikiki vizuri. Katika rekodi za Albini sauti hiyo haikuwekwa mbele kama ilivyo kawaida katika muziki wa redio. Iliachwa katikati ya vyombo, kana kwamba mwimbaji anapambana ili asikike.

Msikilizaji akirudia, hugundua kwamba chini ya fujo hiyo mna mpangilio wa makini. Sims na McNeilly hupiga kwa kushikana sana, na mara nyingi ni besi inayobeba wimbo. Denison, aliyesomea gitaa la klasiki, hupiga noti chache zilizo wazi na zenye makali, badala ya kufunika wimbo wote kwa mngurumo. Kwa hiyo watu watatu wanatunza nidhamu, na wa nne yuko huru kuivunja.

Mashairi husimulia ajali, ulevi, aibu na watu wenye tabia za ajabu, kwa ucheshi mweusi. Mara nyingi Yow hachukui nafasi ya mtu mwema ndani ya hadithi. Baadhi ya wasikilizaji huchukizwa na jambo hili, na bendi haijawahi kujaribu kuwaridhisha.

## Maonyesho ya jukwaani

Sifa ya bendi ilijengwa zaidi na maonyesho yake ya moja kwa moja. Yow alikuwa na desturi ya kujirusha katikati ya watazamaji, wakati mwingine mara tu wimbo wa kwanza unapoanza. Alipitishwa juu ya vichwa vyao akiwa bado anaimba, waya wa kipaza sauti ukimfuata, huku wenzake watatu wakiendelea kupiga bila kukosea. Mara nyingi alivua shati, na si mara moja alivua zaidi ya hapo.

Tendo hili lilihitaji kuaminiana. Mwimbaji akijirusha, watu wa mbele wana nafasi fupi sana ya kuamua kumdaka au kumkwepa, naye anaweza kuumia vibaya wakikwepa. Kwa kumdaka, watazamaji walikuwa sehemu ya onyesho na si wanunuzi wa tiketi tu. Hatari ilikuwepo kwa pande zote mbili, na watazamaji wengine waliona ni salama zaidi kusimama nyuma.

Albamu ya *Show* (1994), iliyorekodiwa katika ukumbi wa CBGB mjini New York, inahifadhi sauti ya maonyesho ya kipindi hicho.

## Mashabiki na sababu za kudumu kwao

Sababu kadhaa hutolewa kueleza kwa nini mashabiki wa bendi hii hawakuiacha.

Ya kwanza ni namna walivyoipata. Kwa kuwa redio kubwa hazikuwapelekea muziki huu, walilazimika kuutafuta dukani, kwa marafiki au katika kumbi. Kitu ambacho mtu amekitafuta mwenyewe hakiachi kwa urahisi. Wengi hukumbuka ni nani aliyewapa kanda au santuri ya kwanza, na hivyo kumbukumbu ya bendi ni kumbukumbu ya urafiki pia.

Ya pili ni ugumu wa muziki wenyewe. Wimbo unaoeleweka wote mara ya kwanza unaweza kuchosha upesi. Nyimbo za The Jesus Lizard huhitaji kurudiwa, na kila mara msikilizaji hupata jambo alilolikosa kabla.

Ya tatu ni imani katika mfumo uliozitoa rekodi hizo. Touch and Go ilijulikana kwa mapatano ya maneno bila mikataba mirefu, na kwa kugawana faida nusu kwa nusu na bendi baada ya kuondoa gharama. Albini naye alikataa kuitwa mtayarishaji, na hakudai mrabaha katika mauzo ya rekodi alizozifanyia kazi; alilipwa ujira wa kazi tu. Shabiki aliponunua rekodi alijua kwamba fedha yake inawafikia waliofanya kazi. Ndiyo maana kuhamia Capitol kuliwauma baadhi yao.

Hata hivyo, upendo huo haukuishia hapo. Bendi iliporudi mwaka 2009, waliofika hawakuwa tu vijana wa zamani wenye mvi. Walikuwepo pia watu waliokuwa watoto wadogo bendi ilipovunjika, ambao waliijua kwa rekodi peke yake. Kwao miaka ya Capitol ilikuwa sehemu tu ya historia, si usaliti. Bendi za baadaye kama METZ ya Kanada na Pissed Jeans ya Marekani huhesabiwa na wahakiki kuwa katika mstari huohuo wa muziki.

Mwaka 2014 shirika la uchapishaji la Akashic Books lilitoa *Book*, kitabu kikubwa cha picha na masimulizi kuhusu bendi, chenye maelezo ya wanachama na ya watu waliokuwa karibu nao. Ni nadra kwa bendi yenye mauzo madogo kuandikiwa kitabu cha aina hiyo.

Yow alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 60 wakati wa ziara ya *Rack*, lakini bado alishuka kati ya watazamaji, nao waliendelea kumdaka.

## Majina ya rekodi

Karibu rekodi zote za bendi zina majina ya herufi nne. Mashabiki huona desturi hii kama alama ya bendi, na hata kitabu cha 2014 kiliifuata. EP ya mwaka 1998, iliyobeba jina la bendi yenyewe, ni tofauti na kawaida hiyo.

## Diskografia

Albamu za studio

- *Head* (1990)
- *Goat* (1991)
- *Liar* (1992)
- *Down* (1994)
- *Shot* (1996)
- *Blue* (1998)
- *Rack* (2024)

EP

- *Pure* (1989)
- *Lash* (1993)
- *The Jesus Lizard* (1998)

Albamu za maonyesho

- *Show* (1994)
- *Club* (2011)

Mkusanyiko

- *Bang* (2000)

## Wanachama

- David Yow – sauti
- Duane Denison – gitaa
- David Wm. Sims – gitaa la besi
- Mac McNeilly – dramu (1989–1996, na tangu bendi iliporudi)
- Jim Kimball – dramu (kuanzia 1996)