Wanamieleka Wawili Waliovaa Sura ya Tanganyika

Ingia kibanda umiza chochote mjini Mtwara Jumamosi jioni, kiwe cha Likombe au cha Magomeni, utawakuta vijana wanaomjua The Rock kuliko wanavyomjua diwani wao. Watakusimulia alivyotoka kwenye ulingo wa mieleka akatokea kidogo kwenye The Mummy Returns mwaka 2001, na mwaka uliofuata akawa stelingi wa The Scorpion King. Watakutajia John Cena na Batista waliofuata nyuma yake. Ukiwaambia kwamba njia hiyo ilishapitiwa karibu miaka sabini kabla ya The Rock na Mwafrika wa Lagos na mwalimu mmoja wa Guyana, na kwamba wawili hao ndio waliopewa kazi ya kuwa Watanganyika mbele ya macho ya dunia, watadhani unawapiga fiksi.

Orlando Martins alizaliwa Lagos tarehe 8 Desemba 1899. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta kijana, akaingia kwenye meli za Waingereza, na vita ilipokwisha akabaki London. Mji ule haukuwa na kazi nyingi za kumpa mtu mweusi, lakini Martins alikuwa na umbo, na umbo lile ndilo lililomlisha. Mwaka 1920 alisimama nyuma ya jukwaa la Anna Pavlova, mcheza baleti wa Kirusi, kama mmoja wa watu wa kujaza nafasi. Akachezea nyoka kwenye sarakasi ya Sanger. Akaimba kwenye kwaya ya Show Boat. Akaingia ulingoni kupigana mieleka ya kulipwa, na huko wakambatiza Black Butcher Johnson. Bucha mweusi! Jina lake la kuzaliwa waliliweka kando, maana mashabiki hawakununua tiketi kumwona mtu anayeitwa Orlando.

Mwenzake, Robert Adams, alitokea upande mwingine wa bahari. Kwao ni Georgetown, Guyana iliyokuwa ya Waingereza. Alisomea ualimu katika chuo cha Mico huko Jamaika, akarudi kufundisha nyumbani na kuandaa michezo ya kuigiza, kisha akaenda London kutafuta jukwaa kubwa zaidi. Alilolipata kwanza ni kibarua. Baada ya hapo akawa mwanamieleka, na jina lake la ulingoni likawa The Black Eagle. Mtu aliyehitimu ualimu, anayekijua Kiingereza cha vitabu, anavua shati usiku na kuwa tai. Ndivyo burudani ya mieleka inavyokwenda hata leo: mpiganaji hupewa kwao na tabia za kuuzia tiketi. Miaka ya 1980 Wamarekani walikuwa na pandikizi la mtu lililoitwa Kamala, Jitu la Uganda, lililoingia ulingoni limepakwa rangi usoni. Mwenyewe alikuwa James Harris wa Mississippi.

Wote wawili walikutwa na kamera katika filamu moja, Sanders of the River ya mwaka 1935. Kijiji cha Afrika kilijengwa Shepperton, kando ya mto Thames, na waigizaji wa kukijaza wakatafutwa popote palipokuwa na mtu mweusi: bandarini, vyuoni, ulingoni. Stelingi alikuwa Paul Robeson, ambaye baadaye aliikana filamu hiyo kwa jinsi ilivyousifu ukoloni. Katika kundi lile la wanavijiji wa kukodiwa alikuwemo pia mwanafunzi Mkikuyu aliyekuwa akisoma London. Jina lake Johnstone Kenyatta. Miaka ishirini na tisa baadaye alikuwa Rais wa Kenya.

Lakini filamu inayotuhusu sisi wa kusini ni ile ya 1946, Men of Two Worlds. Thorold Dickinson ndiye mwongozaji, na mwaka 1943, vita ikiwa bado moto, alikuja Tanganyika pamoja na mwandishi Joyce Cary kutafuta hadithi. Meli iliyobeba vifaa vya kupigia picha ilizamishwa na Wajerumani. Picha zikapigwa kwa kuungaunga, na sehemu kubwa ya Tanganyika inayoonekana humo ikaja kujengwa studio za Denham, Uingereza, kwa rangi za Technicolor, jambo la gharama kubwa wakati ule.

Hadithi yenyewe ni hii. Kisenga, Mtanganyika, mpiga piano na mtunzi wa muziki, amekaa Uingereza miaka 15. Anarudi kijijini kwao, Marashi, kumsaidia bwana shauri Mzungu kuwahamisha watu, maana mbung'o wamelivamia eneo na malale yanaua. Mganga wa kijiji, Magole, anakataa. Anachukua damu ya Kisenga na kumtangazia kwamba atakufa. Kisenga, na usomi wake wote, anaanza kufa kweli, mpaka watoto wa kijiji wanapomwimbia wimbo alioutunga mwenyewe. Kisenga ni Robert Adams. Magole ni Orlando Martins. Kwa maneno mengine, vita ya nafsi ya Tanganyika, kati ya usomi na mizimu, ilikabidhiwa wanamieleka wawili wa London.

Muziki ulitungwa na Arthur Bliss, akauita kwa Kiswahili: Baraza. Tazama mwanzo wa filamu, Kisenga yuko kwenye piano katika ukumbi wa National Gallery, watu wa London wamekaa kimya wanamsikiliza. Mabega mapana yameinama juu ya vibao. Mikono ile iliyozoea kukaba shingo za watu inapanda na kushuka kama ya fundi, lakini sauti unayoisikia ni ya vidole vya mwanamke wa Australia, Eileen Joyce, mpiga piano maarufu wa zama zile. Dada yake Kisenga, Saburi, aliigizwa na Eseza Makumbi, jina ambalo msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuambiwa linanukia Buganda.

Chama cha wanafunzi wa Afrika Magharibi jijini London, WASU, kiliipinga filamu hiyo hata kabla haijakamilika. Walisema inamchora Mwafrika kama mtu wa uchawi asiyeokoka mpaka aongozwe. Walikuwa na haki. Hata hivyo nikiitazama leo ninaona Martins alikuwa amewashinda walioiandika. Magole wao alipaswa kuwa tapeli. Magole wake anatembea taratibu, hapayuki, na unaamini kwamba mtu huyu kweli anakipenda kijiji chake na hataki kihamishwe. Adams, aliyekuwa na maneno mengi na marefu, ndiye anayeonekana kubanwa, maana kila mara anasemeshwa hotuba ya serikali.

Na hoja ya Magole haikuwa ya kubuni tu. Filamu ilipokuwa ikitengenezwa, hapa Jimbo la Kusini serikali ilikuwa ikifanya jambo lile lile. Katikati ya miaka ya 1940, watu wa Liwale walihamishwa kutoka vijiji vyao kwa sababu iliyotajwa kuwa ni malale, na ardhi waliyoiacha ikaingizwa kwenye pori la akiba la Selous. Kwenye filamu watu wanahama na mambo yanakwenda vizuri. Liwale watu walihama, na tembo wakabaki na mashamba. Mtwara yenyewe wakati huo haikuwa mji wa kutajika. Mji ulikuwa Mikindani, na bandari ya maji marefu ilikuwa bado kujengwa kwa ajili ya mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947.

Baada ya filamu hiyo njia za Adams na Martins ziliachana. Adams alikuwa ameshafanya makubwa. Mwaka 1938 alikuwa Brutus Jones katika The Emperor Jones kwenye televisheni changa ya BBC, mtu mweusi akishika nafasi ya kwanza katika tamthilia ya televisheni wakati Waingereza wenye runinga walikuwa wachache. Mwaka 1944 alianzisha kundi lake la maigizo, Negro Repertory Arts Theatre. Ungedhani baada ya Kisenga milango ingefunguka. Haikufunguka. Mtu mweusi msomi hakuwa na nafasi nyingi kwenye miswada ya wakati ule, na Adams alirudi kwao na kwenye chaki. Alifariki mwaka 1965.

Martins alikuwa na bahati, au tuseme umbo lake lilikuwa na soko. Mwaka 1949 aliigiza The Hasty Heart, hadithi ya hospitali ya kijeshi huko Burma. Yeye ni Blossom, askari Mwafrika asiyejua Kiingereza, na karibu neno pekee analolitamka ni hilo jina lake. Wazee wetu wa jeshi la Keya waliokwenda Burma wangecheka au wangenuna, sijui. Kwenye kitanda cha jirani amelala Mmarekani Ronald Reagan. Kwa hiyo Martins alifanya kazi na marais wawili kabla ya yeyote kati yao kuwa rais.

Kisha zikaja filamu za Afrika Mashariki, mfululizo: Where No Vultures Fly mwaka 1951, iliyopigwa Kenya na kusimulia kuzaliwa kwa hifadhi za wanyama; West of Zanzibar mwaka 1954, ya magendo ya pembe za ndovu; Simba mwaka 1955, ya Mau Mau upande wa walowezi. Mara mzee wa kijiji, mara msaidizi mwaminifu. Mnigeria huyu alizeeka akiwa Mkenya wa kuigiza.

Kichekesho ni kwamba wakati huohuo Tanganyika ilikuwa na stelingi wake mwenyewe, na alikuwa wa kusini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kijana wa Songea, mfanyakazi wa idara ya ustawi wa jamii, alikuwa akionekana kwenye filamu za Kiswahili kama Muhogo Mchungu na Chalo Amerudi. Hakuwa mwanamieleka. Watu walimpenda kwa uchekeshaji wake. Alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, na Januari 1962 akawa Waziri Mkuu. London haikumhitaji kwenye filamu zake za Afrika. Ilikuwa na watu wake tayari.

Martins alirudi Lagos mwaka 1959. Mwaka 1970, ameshatimiza miaka sabini, alipata nafasi katika Kongi's Harvest, iliyotokana na tamthilia ya Wole Soyinka na iliyopigwa Nigeria, Soyinka mwenyewe akiwa Kongi. Mwaka uliofuata, katika filamu iliyotokana na vitabu vya Chinua Achebe, akawa Obierika, rafiki wa mhusika mkuu Okonkwo. Na Okonkwo, kama ujuavyo, sifa yake ya kwanza aliipata kwa kumwangusha Amalinze kwenye mieleka. Safari hii mzee wa ulingo alikuwa upande wa watazamaji. Alifariki Lagos tarehe 25 Septemba 1985, Reagan akiwa bado Ikulu ya Marekani.