Heinz na sheria ya chakula ya 1906

Juzi kwenye semina jamaa mmoja alisema kwa kujiamini kabisa kwamba sheria za serikali kazi yake ni kuua biashara, basi. Watu wakapiga makofi. Muda ukaisha sijajibu, kwa hiyo namjibia hapa.

Twende Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Sosi ya nyanya, hii hii tunayomwagia chipsi, wengi walikuwa wanaitengeneza kwa mabaki ya viwanda vya makopo: maganda, nyanya mbichi, hata zilizoanza kuoza. Ili isichache wanatia dawa, benzoeti ya sodiamu.

Henry Heinz wa Pittsburgh akapita njia nyingine. Akachukua nyanya zilizoiva, akaongeza siki na sukari, sosi ikakaa bila dawa. Tatizo bei: yake ilikuwa ghali, na mnunuzi dukani atajuaje tofauti?

Hapo ndipo utamu unapoanza. Wakati wenye viwanda wengi wanapinga sheria ya usafi wa vyakula, Heinz akaiunga mkono, hadi akamtuma mwanawe Howard kwenda Washington kuipigia debe. Akawa upande mmoja na Harvey Wiley, mkemia mkuu wa Wizara ya Kilimo, ambaye mwaka 1902 alianza kuwalisha vijana wa kujitolea vyakula vyenye dawa aone zitawafanya nini! Mwaka 1906 riwaya ya Upton Sinclair kuhusu viwanda vya nyama vya Chicago ikawasha moto, na tarehe 30 Juni Rais Theodore Roosevelt akasaini sheria.

Sasa pigeni hesabu. Gharama ya kubadilika Heinz alishailipa zamani. Wenzake ndio wakaanza kuhangaika, yeye anatangaza tu kwamba sosi yake haina benzoeti.

Hakupata kila alichotaka. Mwaka 1909 serikali iliruhusu benzoeti iendelee, mradi itajwe kwenye lebo. Lakini hiyo lebo nayo ilimsaidia, maana mnunuzi sasa anajisomea mwenyewe.

Alikuwa mwema au mjanja? Nasema vyote viwili. Ndiyo maana tukienda TP tusiwaambie watoto kwamba serikali na wafanyabiashara ni paka na panya siku zote. Tuwafundishe kuuliza: sheria hii ikipita, nani keshajiandaa, na nani hana mtaji wa kujiandaa? Kwa huyo wa pili, sheria nzuri inaweza kuwa mzigo kweli.

Mnaosoma uchumi, nikosoeni.