Mchochota wa Ufizi: Historia ya Dhana na Uteuzi wa Istilahi

Wafasiri wa vitabu vya afya hukabiliwa na dhana moja yenye majina mawili: uvimbe na mchochota. Lipi lishike nafasi ya istilahi? Twaona kwamba historia ya dhana yenyewe yatoa mwongozo, na ufizi ni mfano mwafaka.

Zama za Warumi, Celsus alitaja alama nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Hizo ni alama za nje. Mwaka 1867 Julius Cohnheim, akitazama kwa hadubini utando wa tumbo la chura, alieleza jinsi chembe nyeupe za damu zinavyopenya kuta za mishipa na kuingia katika tishu. Mwaka 1882, huko Messina, Elie Metchnikoff alichoma mwiba katika buu la kiti cha pweza, akaona chembe zikiuzunguka. Tangu hapo dhana ikahama kutoka alama kwenda kwenye tendo la mwili kujihami.

Mwaka 1965, huko Aarhus, Denmark, Harald Löe na wenzake waliwaachisha watu 12 kusafisha meno. Baada ya siku 10 hadi 21 wote waliugua fizi. Waliporejea kusafisha, wakapona. Mwaka 1976 Page na Schroeder walizipanga hatua za maradhi hayo: kwanza hutangulia neutrofili, hufuata limfositi, kisha huzidi seli za plazma. Hata hivyo, ufizi mzima nao huwa na neutrofili chache. Kwa hiyo kinachotenganisha uzima na ugonjwa si kuwapo kwa chembe nyeupe, bali wingi na aina zake.

Neno uvimbe, basi, halitoshi: lataja alama moja tu, tena hutumika pia kwa saratani, na laweza kumtia mgonjwa hofu bure. Mchochota nalo, kwa asili ya kitenzi chochota, ladokeza maumivu, ilhali ufizi mara nyingi huanza kuugua bila kuuma. Lakini istilahi hufungwa na fasili yake, na mchochota wa ini umekwisha kuzoeleka.

Twapendekeza mchochota liwe jina la dhana, na uvimbe libaki jina la alama. Walimu nao waifafanue fasili hiyo, ili mwanafunzi atokwaye damu apigapo mswaki asingoje maumivu ndipo ajue kuwa ufizi wake ni mgonjwa.