Majina Hubadilika, Umbo Hubaki: Kahawa ya Kilimanjaro

Wanafunzi wengi huandika historia ya ushirika wa Kilimanjaro kwa kufuata majina na tarehe: KNPA, 1925; KNCU, 1933; kuvunjwa kwa vyama vikuu, 1976. Orodha hiyo ni sahihi, lakini haituelezi kwa nini malalamiko ya mkulima wa Machame au Marangu yanafanana na yale ya babu yake.

Ipo namna nyingine ya kuuliza, nayo tunaweza kuiazima kwa wataalamu wa kanzidata za grafu. Humo kila mtu au taasisi ni nodi, na kila uhusiano ni mshale. Anayeuliza halazimiki kutaja jina. Huchora umbo, na mashine humletea kila mahali umbo hilo linapojitokeza. Ndivyo waandishi wa habari walivyofuatilia wamiliki waliojificha nyuma ya makampuni katika Nyaraka za Panama mwaka 2016.

Tuichore kahawa yetu:

(mkulima) → (chama cha msingi) → (KNCU) → (mnunuzi)

Swali la kwanza: je, ipo njia ya kumfikia mnunuzi isiyopita katika nodi ya tatu? Katika miaka ya 1930 haikuwapo, kwa kuwa serikali ya kikoloni ilimlazimisha Mchagga kuuza kupitia KNCU. Mwaka 1937 hasira ililipuka ikawa ghasia.

Hata hivyo, njia moja si dhambi yenyewe. Njia hiyohiyo iliwapa wakulima nguvu sokoni. Ndiyo maana swali la pili ni zito zaidi: je, upo mshale unaorudi kwa mkulima, yaani kura, hesabu na uwezo wa kumwondoa kiongozi?

Kwa maswali haya mawili, mwaka 1976 unasomeka upya. Vyama vikuu vilivunjwa na kazi yao ikaishia kwa mamlaka ya zao iliyo chini ya serikali. Njia moja ilibaki. Kilichokatwa ni mshale wa kurudi. Katika miaka ya 1990 wanunuzi binafsi walifungua njia nyingine. Mwaka 2018 serikali ikairudisha kahawa kwenye ushirika.

Kwa hiyo, ndugu mtumishi wa umma unayeandaa mageuzi mengine, usituambie kwanza chombo kipya kitaitwaje. Tuchoree mishale yake, utuoneshe ule unaorudi kwa mkulima.