Christine de Pizan: Mjane aliyewatetea wanawake kwa kalamu

Katika fasihi ya Ulaya ya Zama za Kati, mwanamke alizungumziwa sana lakini ni nadra alipopata fursa ya kujizungumzia. Vitabu vingi viliandikwa na wanaume, na humo alichorwa ama kama mtakatifu wa kuenziwa ama kama mlaghai wa kuepukwa. Miongoni mwa walioihoji picha hiyo hadharani ni Christine de Pizan.

Christine alizaliwa Venice, Italia, yapata mwaka wa 1364. Angali mtoto, alihamia Paris, ambako babake alikuwa mnajimu wa Mfalme Charles V wa Ufaransa. Aliolewa akiwa na umri wa miaka 15. Mumewe, karani wa mfalme, alipofariki yapata mwaka wa 1390, Christine aliachiwa jukumu la kuwalea watoto watatu na kumtunza mamake. Kwa zaidi ya miaka kumi alihangaika mahakamani akidai fedha za marehemu. Ni katika dhiki hiyo ambapo alishika kalamu, akawa mmoja wa wanawake wa kwanza barani Ulaya kujikimu kwa uandishi.

Kati ya 1401 na 1402, alilikosoa Le Roman de la Rose, shairi mashuhuri la karne ya 13 lililoanzwa na Guillaume de Lorris na kukamilishwa na Jean de Meun. Alilalamika kwamba Jean de Meun aliwabebesha wanawake wote lawama za wachache. Wasomi waliomtetea mshairi huyo walimkejeli, lakini Christine hakutishika. Alizikusanya barua za mjadala huo na kumkabidhi Malkia Isabeau.

Utetezi wake ulikomaa mwaka wa 1405 katika Le Livre de la Cité des Dames, yaani Kitabu cha Mji wa Mabibi. Katika istiara hiyo, mabibi watatu, Akili, Unyofu na Haki, wanamsaidia kujenga mji ambao mawe yake ni visa vya malkia, wasomi na watakatifu wa kike. Humo anashikilia kwamba wasichana wakipelekwa shuleni kama ndugu zao wa kiume, wataelimika vilevile.

Hata hivyo, Christine hakudai usawa wa kisheria. Aliwahimiza wake wawavumilie hata waume wakali. Lakini katika kitabu kilichofuatia, aliwashauri wanawake wa tabaka la juu wayafahamu mapato ya nyumba zao, na wajane wajihami dhidi ya kesi. Bila shaka hayo aliyajua kwa kuyapitia.

Shairi lake la mwisho linalojulikana, la mwaka wa 1429, lilimsifu Joan wa Arc, msichana aliyeongoza wanajeshi wa Ufaransa vitani. Inaaminika alifariki yapata mwaka wa 1430, akiwa ameacha ushahidi kwamba hadhi ya mwanamke katika fasihi hutegemea pia ni nani aliyeishika kalamu.