Mwanga Unaua Saratani, Kazi Ipo Kwenye Kuulenga

Mwambie mtu wa Buhare kwamba mwanga unaweza kutibu saratani, atakuuliza: si tunaambiwa jua ndilo linaleta saratani ya ngozi? Yote mawili ni kweli, na inafaa tuone ilikuwaje.

Mwaka 1900 Oscar Raab, mwanafunzi wa udaktari mjini Munich, Ujerumani, alieleza jambo la ajabu. Vijidudu alivyovitia kwenye rangi ya akridini vilikufa haraka penye mwanga, lakini gizani vilidumu. Kumbe rangi na mwanga vikikutana ndipo seli inakufa. Mwalimu wake, Hermann von Tappeiner, baadaye alionyesha kwamba oksijeni nayo lazima iwepo. Kufikia 1903 alikuwa ameanza kujaribu rangi ya eosini na mwanga kwenye saratani za ngozi.

Lakini rangi ikidungwa, inasambaa mwili mzima. Mwaka 1912 daktari Friedrich Meyer-Betz alijidunga mwenyewe hematopofirini. Alipotoka juani, uso na mikono vilivimba vibaya, na ngozi yake ikaendelea kuogopa mwanga kwa wiki nyingi.

Miaka ya 1970 Thomas Dougherty wa Buffalo, Marekani, aliipeleka tiba hii kwa wagonjwa wa saratani, na mwaka 1993 Kanada iliidhinisha dawa ya Photofrin. Ilifanya kazi, ila mgonjwa alitakiwa kukwepa jua kwa siku 30 au zaidi. Ulaya wakati wa baridi, sawa. Musoma je? Anayelima au kuanika dagaa akae ndani mwezi mzima, watoto watakula nini? Na mwenye ualbino, ambaye jua tayari linamuumiza?

Hapo ndipo sumaku inapoingia. Watafiti wanatengeneza chembe za oksidi ya chuma, ndogo kuliko nanomita 100, yaani mamia ya mara nyembamba kuliko unywele. Wanazibebesha rangi, kisha sumaku iliyo karibu na uvimbe inazivuta zikusanyike pale. Lengo ni rangi kidogo tu ibaki kwingine, ili ngozi isalimike.

Tusidanganyane: kazi hii kwa sehemu kubwa bado iko maabara na kwa wanyama. Tena mwanga hupenya mwilini milimita chache tu, pengine sentimita moja, kwa hiyo uvimbe wa ndani sana ni kazi ngumu. Leo mgonjwa wa Buhare bado anapanda basi kwenda Bugando, Mwanza. Ukiwa na kidonda cha ngozi kisichopona, usisubiri sumaku. Kaonyeshe mapema.