Waha Walipolala Njiani

Kijana wa Gwarama aliyekwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge enzi za ukoloni hakuvaa begi mgongoni. Alichukua mkeka, kibuyu, fimbo na unga wa kumfikisha mahali, basi. Gwarama ya leo ni kata ya Wilaya ya Kakonko; kabla ya 2012 ilihesabiwa Kibondo, na kabla ya wilaya hizo kuwapo ilikuwa Buyungu, utawala wa kaskazini miongoni mwa tawala za Waha, kila mmoja na mwami wake. Kutoka huko hadi Kigoma mjini ni zaidi ya kilomita 250 kwa barabara ya sasa. Watanzania tumezoea kuiita Kigoma mwisho wa reli. Kwa mtu wa Buyungu ulikuwa mwanzo wa reli, na kuufikia tu kulimgharimu siku kadhaa za kutembea.

Aliyewahi kukaa bandarini Kigoma anaijua picha nyingine. Vijana wa Kizungu, mabegi makubwa mgongoni, ndala miguuni, wakisubiri meli ya Liemba iwapeleke kusini hadi Mpulungu, Zambia. Kwa miaka mingi meli hiyo ilikuwa kivutio chao, na ni kongwe kuliko babu zao: iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikashushwa majini Kigoma 1915, mwaka uliofuata ikazamishwa na Wajerumani wenyewe, kisha Waingereza wakaiibua na kuirudisha kazini 1927. Ukiwatazama vijana hao utadhani wao ndio waliobuni safari ya kubana matumizi, ya kulala chumba kimoja na watu usiowajua na kudamka kushika njia. Huko kwao safari hiyo ina mwanzilishi anayetajwa kwa jina na tarehe. Huku kwetu ni ya zamani zaidi, ila hakuna aliyeiwekea bango.

Mwanzilishi wa huko ni mwalimu wa shule wa Kijerumani, Richard Schirrmann. Agosti 1909 aliwatoa wanafunzi wake kwa matembezi ya siku kadhaa, wakakutwa na mvua ya radi katika bonde la Bröl, wakajihifadhi kwenye shule ya kijiji na kulala juu ya majani makavu. Usiku huo mwalimu akawaza: shule zote zinakaa tupu wakati wa likizo, kwa nini zisiwalaze vijana wanaotembea kwa miguu? Mwaka 1912 hosteli ya kwanza ya kudumu ikapata makao katika ngome kongwe ya Altena, na vyumba vyake vya mwanzo vyenye vitanda vya deka vya mbao vimehifadhiwa kama makumbusho. Waingereza wakaunda chama chao cha hosteli 1930, kitanda shilingi moja kwa usiku. Mwaka 1932 vyama vya nchi mbalimbali vikaungana mjini Amsterdam.

Masharti ya hosteli hizo yalikuwa makali kuliko watalii wa leo wanavyodhani. Uje kwa miguu au kwa baiskeli. Mwenye gari hapokelewi. Wanaume huku, wanawake kule. Taa zinazimwa mapema. Asubuhi, kabla hujaruhusiwa kuondoka, unapangiwa kazi: kufagia, kuosha vyombo, kukunja mablanketi.

Wakati Schirrmann anatandika vitanda Altena, serikali ya nchi yake ilikuwa inatandaza reli kuja kwetu. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma mwanzoni mwa 1914. Kodi ilikuwa imetangulia: kodi ya kibanda ya Wajerumani ilianza 1898, Waingereza wakaja na sheria yao ya 1922 iliyotoza vibanda na vichwa. Sasa mtu wa Buha, nchi ya Waha, angelipa kwa nini? Kahawa ilikuwa Bukoba na Kilimanjaro, pamba Usukuma. Nyanda za juu za Kibondo na Kasulu zilikuwa na mtama, maharage, mihogo na ng'ombe, vitu vya kushibisha nyumba, na soko la kuvigeuza shilingi lilikuwa mbali. Shilingi zenyewe zilikuwa upande wa pili wa nchi, Tanga na Morogoro, kwenye mkonge ambao Richard Hindorf aliuleta 1893 kwa miche michache iliyonusurika safari ya kutoka Florida kupitia Hamburg. Ukitaka tofauti ya Altena na Buyungu kwa maneno machache, ni hii: kijana wa Ulaya alilipa ili atembee, kijana wa Buha alitembea ili alipe.

Kutembea kwenyewe Waha hawakufundishwa na kodi. Chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza zilikuwa zikitumiwa zaidi ya miaka elfu moja kabla ya mkoloni yeyote, na kila kiangazi watu walitoka pande nyingi kwenda kupiga kambi pale, kuchemsha maji na kurudi na chumvi. Ujiji, mlango wa misafara ya karne ya 19, uko katika nchi ya Waha. Misafara iliyoufikia ilivuka mto Malagarasi kwa kulipa hongo, na kila jioni wapagazi, baada ya kutua mzigo wa frasila mbili au karibu na hapo, walijigawa katika vikundi vidogo. Kila kikundi kina chungu chake, moto wake, na zamu ya kuteka maji, kuokota kuni na kupika. Utaratibu huo ni wa kuangaliwa vizuri, maana ulidumu kuliko misafara yenyewe. Watu waliotoka kijiji kimoja kwenda mkonge walikwenda hivyohivyo: chungu kimoja, mzee mmoja au kijana mzoefu anayeijua njia, na wageni wa safari nyuma yake.

Njia zilikuwa zaidi ya moja. Wapo walioteremka Kasulu kuikamata reli Kigoma au Uvinza. Wapo walioelekea mashariki, na baada ya tawi la Tabora kwenda Mwanza kufunguliwa 1928 wakawa na reli nyingine ya kuilenga. Wengine walikwenda kaskazini, Bukoba na kuvuka hadi Buganda, kulima kahawa na pamba za watu. Na wapo wengi ambao reli waliiona kwa macho tu: nauli ilikuwa fedha, na fedha ndiyo waliyokuwa wanaifuata, kwa hiyo walitembea kando ya reli treni ikiwapita.

Hata aliyepanda hakufika. Reli ya Kati na Reli ya Tanga zilikuwa hazijuani. Kipande cha kuziunganisha, kutoka Ruvu hadi Mnyusi, kilifunguliwa 1963. Kabla ya hapo mtu wa kwenda Korogwe au Muheza alishuka upande wa Morogoro, akamalizia kwa miguu au kwa lori kupitia Handeni, nchi kavu yenye maji ya kubahatisha. Ukiitazama ramani leo utashangaa kwamba nchi iliyoongoza duniani kwa mkonge iliwaachia watu wake pengo hilo wakalivuke wenyewe.

Walilala wapi? Mwanzoni walilala pale jua lilipowachwea. Vijiji vya njiani viliwajua wasafiri na viliwapokea kwa viwango tofauti. Walipopokelewa vizuri walilipa kwa kusaidia shamba, walipokataliwa walilala porini na kuwasha moto wa kufukuza simba. Wengi walifika wamekonda, wagonjwa, wengine hawakufika. Serikali ya Waingereza iliunda Idara ya Kazi mwaka 1926 chini ya Meja Granville Orde-Browne, na moja ya kazi zake ikawa kujenga kambi za kupumzikia kando ya njia kuu za wafanyakazi. Msafiri alipata paa, maji, mahali pa kupikia, na dawa kidogo. Mdororo wa uchumi ulipoibana serikali, idara nzima ilifungwa 1931. Tazama tarehe hizo kando ya zile za juu: Uingereza iliunda chama cha kuwalaza vijana wake wanaotembea kwa starehe mwaka 1930, na mwaka mmoja baadaye serikali yake ya Tanganyika ikafuta idara iliyojenga kambi za wanaotembea kwa lazima. Sidhani kama kuna mtu ofisini London aliyeziweka habari hizo mbili kwenye meza moja.

Mambo yalipangwa upya wakati wa Vita ya Pili ya Dunia. Japani ilipoziteka Ufilipino na Java mwaka 1942, katani ya kule ikapotea sokoni na mkonge wa Tanganyika ukawa mali ya vita. Watu wakaandikishwa kwa nguvu. Vita ikielekea ukingoni, wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kukusanya wafanyakazi, SILABU, ambayo wazee wengi wa Kigoma bado wanaikumbuka kwa jina hilo. Sasa watu wa Kibondo na Kasulu hawakuachiwa tena kutembea: lori lilikuja, mtu akapimwa afya, akatia dole gumba kwenye mkataba, akapewa blanketi, akasafirishwa kutoka kambi hadi kambi mpaka shambani. Aliyetoka Buyungu aliweza kuvuka nchi nzima bila kuchagua hata usiku mmoja alale wapi.

Ukiziweka kambi hizo kando ya hosteli za wakati huo, mpangilio unafanana mno. Safu za vitanda au mikeka, wageni wasiojuana, msimamizi mwenye filimbi na orodha, muda wa kulala, kazi ya asubuhi, jikoni pamoja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Schirrmann alimpa mgeni ufagio asubuhi ileile, SILABU ikampa mkataba kabla hajaondoka kwao. Lakini mlango wa hosteli ulifunguka pande zote. Kijana wa Ulaya aliyechoshwa na masharti alikwenda mji mwingine, au alirudi kwa mama yake. Manamba, yaani mfanyakazi wa mkataba, aliyeuacha mkataba wake alikuwa ametoroka, na kutoroka lilikuwa kosa la kupelekwa mahakamani. Alipofika shambani alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na siku isiyowekwa alama haikulipwa.

Bado nisingependa kuwasimulia watu hao kama mizigo iliyosafirishwa. Njiani walijifunza Kiswahili kabla shule hazijafika vijijini kwao. Waliona bahari. Walijua bei ya kanga Tanga na bei ya ng'ombe Kibondo na wakafanya hesabu katikati. Wengine hawakurudi: Korogwe, Muheza na Kilosa kuna familia za Kiha za kizazi cha tatu na cha nne, na ngoma zao zilihamia nao. Uajiri wa mikataba ukaisha miaka michache baada ya uhuru, bei ya mkonge ikaanguka, na 1967 Azimio la Arusha likataifisha sehemu kubwa ya mashamba.

Kitanda cha njiani hakikuisha, kilibadili jina tu na kuwa gesti. Kila mji wa njia ya Kasulu, Kibondo, Kakonko hadi Nyakanazi una gesti zake: korido ndefu, vyumba pande mbili, bafu la pamoja mwisho, ndoo ya maji ya moto kwa anayewahi, na kwa mwenye kuongeza hela, chumba cha self. Kufika kwa wakimbizi wa Burundi na Kongo kulizifanya zijae, maana kambi za Nduta, Mtendeli na Nyarugusu zilileta magari meupe ya mashirika na wafanyakazi waliohitaji kulala kwa miezi. Hosteli za deka za mtindo wa Ulaya hazikushika mizizi huku. Nairobi ilikuwa na hosteli ya vijana, Dar es Salaam na Moshi zikawa na YMCA, lakini mtu wa bara anayesafiri kwa biashara ya maharage au kwenda kumuuguza ndugu anataka mlango wake na kufuli yake. Namwelewa kabisa. Aliyebeba fedha ya mauzo ya msimu mzima kwenye soksi halali chumba cha watu wanane.

Na mapokezini kwenye gesti pana kitabu. Jina, kabila, kazi, unatoka wapi, unakwenda wapi. Mtalii hukijaza akicheka, hasa safu ya kabila.

Kwa upande wa pili wa safari, wenzetu waliokwenda kulala Ulaya walianza kwa mlango wa masomo. Julius Nyerere alipofika Edinburgh 1949 alipata malazi katika jengo la watu wa makoloni, eneo la The Grange. Vijana wa Ulaya wenyewe walipata upenyo mkubwa mwaka 1972, ilipoanza tiketi ya Interrail: mwenye chini ya miaka 21 alinunua tiketi moja na kuzunguka kwa treni nchi 21 kwa mwezi mzima. Hosteli za miji mikubwa zikafurika, masharti ya Schirrmann yakalegea, ufagio wa asubuhi ukaondoka, baa ikaingia. Ndipo kizazi kile cha mabegi kikapata mguu wa kufika hadi Kigoma.

Kijana wa Gwarama anayetaka kuirudisha ziara hiyo leo, alale hosteli za Berlin, Praha na Lisbon, anahitaji viza ya Schengen. Ada yake tangu 2024 ni yuro 90 kwa mtu mzima, hairudishwi ukikataliwa. Anaombwa taarifa za benki, barua ya kazi, uthibitisho wa malazi ya kila usiku, na bima ya angalau yuro 30,000. Alama za vidole hazitumwi kwa simu. Lazima apeleke mikono yake mwenyewe, na balozi ziko Dar es Salaam. Kwa hiyo safari yake ya Ulaya inaanza kwa basi la kuvuka nchi nzima, kisha chumba cha gesti Kariakoo au Manzese, anasubiri siku ya miadi na kulipia kila usiku kabla hajajua kama ataruhusiwa kusafiri.